Anti, tunapanda Lushoto kuandika lakini mimi naishia jikoni

Shikamoo Anti. Naomba usitoe jina langu wala kazi ninayofanya, maana hawa wenzangu kusoma ndo maisha yao na najua kuna mmoja hii safu haimpiti. Mi ni mama wa miaka 42, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi Dar. Shida yangu wengine wataiona ya kitoto, mwenzio hana ada ya mtoto we unalia habari za kwenda kupumzika milimani, lakini imenikaa kifuani tangu mwezi wa nne na sasa siku zimekaribia, lazima nitoe jibu.

Tuko marafiki wanne tunaoandika. Tulijuana kwenye warsha ya uandishi miaka hiyo. Nitawapa majina ya bandia, Mwenye Nyumba, Mwalimu na Mshairi. Mshairi ndo mwanaume peke yake. Mwenye Nyumba na Mwalimu wana vitabu vyao tayari, mi nina hadithi fupi tatu tu. Tangu 2018 kila wiki ya Nane Nane tunapanda Lushoto siku sita kwenye nyumba aliyoacha baba yake Mwenye Nyumba, ipo juu ya mji njia ya kuelekea Magamba. Anti ile nyumba! Madirisha madogo, sakafu ya mbao inalia ukikanyaga, kuna sehemu ya kuwashia moto wa kuni ukutani na dohani lake, mtandao unashika ukisimama kwenye ngazi ya nyuma tu. Mwezi wa nane kule baridi kweli, unalala na blanketi mbili na soksi. Asubuhi ukungu umekaa kwenye mahindi ya watu, husikii kitu zaidi ya jogoo na mtu anapasua kuni. Mi nikishateremka Mombo na kuanza kuiona ile milima, nahisi kabisa mabega yanashuka.

Mwaka wa kwanza niliandika kurasa 40 kwa mkono, kwenye daftari kubwa. Naandika riwaya kuhusu mama yangu. Mama alikuwa mfanyakazi wa mkonge, kambi moja upande wa Korogwe, yeye kazi yake kuanika singa, zile nyuzi za mkonge, zikishatoka korona, ile mashine ya kuchana majani. Nilianza mbali, nilianza na ile miche ya mkonge iliyoletwa kutoka Florida mwaka 1893, inasemekana ilikuwa elfu moja na iliyofika hai Pangani ni 62 tu, nikawa nausindikiza mmoja mpaka umfikie mama. Wenzangu waliipenda. Kila usiku tunakaa kwenye moto mtu anasoma alichoandika siku hiyo, Mshairi akifurahi anapiga goti. Mwalimu aliniambia hii ndo riwaya tuliyokuwa tunaisubiri, maneno yake hayo. Na mchana nilikuwa nashuka Irente, pale kwenye lile jabali, naangalia chini Mazinde, mkonge umejipanga mistari mpaka macho yanachoka. Yaani nilikuwa naiangalia riwaya yangu kutoka juu.

Miaka hiyo mapishi hayakuwa yetu. Kuna babu anayelinda pale, mke wake alikuwa anatupikia tunampa chochote. Mama alifariki Februari 2021, nikaenda hivyo hivyo mwezi wa nane, na mwaka huo ndo yule bibi magoti yalimzidi akahamia kwa mwanae Korogwe. Tukasema tutapika kwa zamu. Zamu ya Mshairi tulikula mkate na parachichi. Zamu ya Mwalimu maharage yalikuwa mawe, alikuwa hajui kule juu yanachukua muda kuliko Dar. Nikasema jamani leteni nipike mimi. Basi. Mpaka leo.

Siku zangu kule ziko hivi. Saa 12 niko jikoni nachemsha maji ya kuoga ya watu wanne na chai. Saa 3 nashuka sokoni na bodaboda, viazi, karoti, kabichi, mapeasi. Saa 5 maharage yapo motoni na huwezi kuyaacha ukaenda mbali. Mchana vyombo. Jioni chapati, nakanda unga nikiwasikia ndani wanagonga vitufe vya kompyuta tap tap tap, na kuna sauti fulani ya kiti mtu akijinyoosha baada ya kumaliza ukurasa, naijua hiyo sauti sasa. Michango ni sawasawa, 200,000 kila mtu, na unga na viungo natoka navyo Dar kwa hela yangu. Usiku wakisoma ikifika zamu yangu nasema "bado haijaiva", tunacheka. Zamani walikuwa wanasema ah soma hivyo hivyo. Sasa hawasemi. Daftari liko ukurasa wa 58 tangu 2021. Mama amesimama kwenye nyaya za kuanikia, ana mzigo wa singa mkononi, kuna mtu kamwita anageuka. Basi hapo. Irente sijafika miaka mitatu.

Sasa kilichonifanya nikuandikie. Mwezi wa nne Mwenye Nyumba kazindua kitabu chake kipya. Huko mwanzo mhusika wake alikuwa mwishoni anarudi kwa mume. Mimi ndo nilimwambia, nakumbuka nilikuwa nasuuza sahani yeye kasimama mlangoni na kikombe, nikamwambia huyu mama harudi, ameondoka na kinu chake, mtu akibeba kinu hajaenda kusalimia. Alinyamaza akarudi ndani. Kitabu kimetoka, mwanamke harudi, na kinu kipo ukurasa wa mwisho, watu wote wanakisifia hicho kinu. Nikafungua kule kwenye shukrani. Mwalimu kashukuriwa kwa jicho kali la uhariri. Mshairi kwa kumfundisha kunyamaza. Mimi, "kwa chapati zisizosahaulika". Na aliisoma kwa sauti ukumbini, watu wakacheka, nikacheka na mimi.

Nilimwonyesha mume wangu. Akasema sasa kama ni kupika si upike hapa hapa nyumbani. Nikaumia mara mbili.

Sasa hivi kaweka tarehe kwenye grupu la WhatsApp, akaandika "mpishi wetu mkuu tuambie tununue nini", na moyo mwekundu. Nimesoma, tiki za bluu zinaonekana, leo siku ya tisa sijajibu. Nikisema naonekana nina wivu wa kitabu cha mtu. Na pengine ninao. Nikienda na kunyamaza nitakanda unga na machozi. Nisipoenda, zile ndo siku sita pekee kwa mwaka ambazo siitwi mama fulani, na mume wangu atasema si nilikwambia. Na nawapenda, Anti, hapo ndo tatizo. Nifanyeje?

Mpishi Mkuu, Dar es Salaam

JIBU LA ANTI

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikiwa nimesimama jikoni kwangu, vitunguu vinaungua, nikacheka peke yangu. Mara ya pili nilikaa chini na sikucheka.

Kwanza tuondoe hilo la utoto. Mtu mwenye shida ya ada ana shida yake na wewe una yako, hazigombanii kiti. Siku sita kwa mwaka za kuwa mtu mwenye jina lake si jambo dogo, na wanawake wengi wanaosoma hapa hawana hata moja.

Na mimi nikwambie sikusikilizi nikiwa mbali. Kwenye ukoo wetu mimi ndo mtu wa sufuria. Shughuli ya binti wa dada yangu nilikaa nyuma ya nyumba na masufuria ya pilau kuanzia alfajiri, bibi harusi nilimwona kwenye picha. Watu walinisifia pilau miezi mitatu. Hakuna aliyeniuliza nilivaa nini siku ile, na nilikuwa nimeshona. Kwa hiyo ule mstari wa chapati uliponifikia niliujua ladha yake.

Sasa tuongee. Nilivyokuelewa, unasema mnakwenda wanne kuandika, watatu wanaandika, mmoja anafanya wale watatu waweze kuandika. Ule utulivu wanaousifia una mtu anayeuchochea kuni, na ni wewe. Halafu kikatoka kitabu ambacho ndani yake kuna wazo lako, wazo halina jina lakini chapati zina jina. Na wewe huna ukurasa wa 59. Haya yote umenipa yakiwa yamefungwa kwenye kanga moja, na mimi naomba tulifungue fundo kidogo tuone, maana sina uhakika kama ni kitu kimoja.

Tuanze na kinu. Hapo sitakudanganya, ningeumia. Mwandishi anajua uzito wa maneno kuliko muuza duka, na shukrani za kitabu haziandikwi kwa haraka ya mlangoni. Lakini nijiulize na wewe ujiulize, je Mwenye Nyumba anajua kuwa kinu ni chako? Unaweza kushangaa. Wewe ulisema sentensi moja unasuuza sahani, yeye akarudi ndani akakaa nayo labda wiki, labda miezi, akaandika akafuta, mpaka ikawa ya kwake kabisa. Hii hutokea kwa watu waaminifu. Inatokea pia kwa wasio waaminifu, na kwa barua peke yake siwezi kukutofautishia. Ila kuna jambo, Mwalimu na Mshairi walimpa msaada wao wakiwa wamekaa kwenye kiti, wewe ulimpa umeinama kwenye beseni. Kuna watu, na wanawake wenzetu wamo, hawasikii akili ikitokea upande wa vyombo. Wanasikia chakula tu. Sisemi yeye ni wa hivyo, nasema hilo ndo swali ningelienda nalo kwake badala ya kwenda na hukumu.

Halafu hiyo "bado haijaiva". Unasema zamani walikuwa wanakubembeleza usome, sasa hawasemi. Umelisoma hilo kama wamekukatia tamaa, wameshakuweka upande wa jikoni. Inawezekana. Lakini watu wanaoandika wana adabu moja ya ajabu, mwenzao akisema bado hawaulizi tena, kama vile humuulizi mtu mwenye mimba changa. Miaka yote hiyo umewapa jibu lile lile na kicheko juu yake. Je kuna siku hata moja uliwaambia, jamani nimekwama, daftari halijasogea tangu 2021? Kwenye barua yako sijaiona siku hiyo. Mimi sijui wangefanya nini wangejua, na nahisi hata wewe hujui.

Sasa nisamehe, nakuja kwenye mstari mmoja wa barua yako umeupita kama basi linavyopita kituo kisicho na abiria. Mama alifariki Februari 2021. Halafu ukaendelea na magoti ya bibi na zamu za kupika. Mdogo wangu, unaandika riwaya ya mama, mama kaondoka, miezi sita baadaye umekaa mbele ya daftari kwenye nyumba yenye ukungu, mama amesimama kwenye nyaya anageuka aliyemwita, na huwezi kumuuliza tena. Na hapo hapo jiko likabaki wazi. Mi ningekimbilia jikoni. Kwetu mtu akifiwa anapewa kitu cha kukoroga, ukikaa bure unaambiwa utaumwa.

Kwa hiyo najiuliza, kilichoanza ni maharage au ni kukwama? Isije kuwa wenzako nao walikuona umefiwa, ukasema leteni nipike mimi, wakakuachia kwa huruma kabisa, mwacheni apike inamsaidia, na huruma ikazoea ikawa cheo. Mpishi mkuu. Kama ndivyo, hakuna aliyekufukuza mezani, uliondoka mwenyewe ukilia na hakuna aliyekuja kukurudisha, na kutokuja kukurudisha nalo ni kosa, silifichi. Lakini ni kosa tofauti na lile ulilonieleza. Au mimi nimekosea na wewe ungeandika vizuri tu kama mtu mwingine angeosha zile sahani. Wewe ndo unayekuwepo pale saa 5 mchana. Kuna mchana hata mmoja maharage yaliiva mapema, ukawa huru, ukafanya nini? Jibu la hilo usinitumie mimi, lako mwenyewe.

Na nisije nikaonekana nawatetea. Mtu mzima aliyekula mkate na parachichi kwa zamu yake mwaka 2021 mpaka leo hajajifunza kukaanga yai? Mshairi na goti lake nina maneno naye, ila safu hii si yake. Kule Lushoto watu wanapanda kukimbia joto la pwani tangu Wajerumani walipokuwa wanapaita Wilhelmstal, wakijisifia hewa safi na ukimya, na nakuhakikishia hata wao kuna mtu alikuwa anawachemshia maji ya kuoga. Utulivu wa mtu mara nyingi ni jasho la mwingine. Kwa nyie mnaopanda pamoja kama marafiki na kuchanga sawasawa, hesabu yenu haijakaa sawa hata kama hakuna mwenye nia mbaya. Wewe unalipa 200,000, unalipa unga, halafu unalipa na siku zako sita.

Ufanyeje. Sitakuambia nenda au usiende, lakini tuzipitie njia ulizonazo maana kila moja ina shimo lake.

Unaweza kumtafuta Mwenye Nyumba mkiwa wawili kabla ya safari, si kwa meseji, mkutane mnywe hata soda. Kama ni mimi nisingeanza na chapati, nikianza na chapati itageuka utani na mimi nitacheka tena kama ukumbini. Ningeanza na kinu. "Nimefurahi kinu kimebaki. Unakumbuka tulivyokiongelea pale mlangoni?" halafu ninyamaze nimwangalie. Utajua mengi kwenye ule unyamavu. Hatari yake ni mbili. Moja, anaweza kujihami, kitabu kipya ni kama mtoto mchanga, hakuna mama anayetaka kuambiwa pua ya mtoto si ya baba. Ya pili naiogopa zaidi, anaweza kulia, akajilaumu sana, ukajikuta wewe uliyekwenda na jeraha ndo unamfuta machozi mwenzio na kumwambia hamna shida dada. Watu wa jikoni tunaingia sana kwenye huo mtego. Ukienda jiandae, akilia mwache alie kidogo.

Hilo la wivu nalo, umelitaja halafu ukaogopa. Kuwa na wivu hakufanyi malalamiko yako yawe ya uongo. Unaweza kumwonea mtu wivu na bado akawa amekukosea. Ila ujue mwenyewe kipi ni kipi kabla hujafungua mdomo, maana wivu ukikutangulia kuongea hakuna atakayesikia la kinu.

Njia nyingine ni grupu. Kaandika "tuambie tununue nini", unaweza kujibu swali lile lile alilouliza. Mwaka huu sipiki jamani, nina ukurasa wa 59, tupange zamu au tuchangie tumuweke mtu. Hujalaumu mtu, hujataja kitabu. Hatari yake unaijua, yatakuja macheko, vikatuni, "tutakufa njaa mwaka huu", halafu mtu ataandika "tutayajenga tukifika huko" na mkifika huko hakuna cha kujenga, saa 12 asubuhi wewe ndo utakuwa wa kwanza kusikia baridi ya watu wengine. Kwa hiyo ukipita hapo hakikisha yamejengwa huku huku Dar, majina na siku.

Kumweka mtu wa kupika ni wazo zuri, kina mama wanaojua kupika hawakosekani pale jirani na hela hiyo itawafaa. Lakini mumlipe kama kazi, siyo yale ya "tunampa chochote" mliyokuwa mnampa bibi mpaka magoti yakagoma. Umeliandika neno hilo haraka haraka, na mi limenikaa, kwa sababu na yeye alikuwa anachemsha maji ya watu wanne. Sijui kama kuna shukrani ya kitabu chochote imemtaja hata kwa chapati. Na kuna hatari ya upande wako, watu wa aina yetu tukiwekewa mpishi tunakwenda kusimama nyuma yake kuangalia chumvi. Utamaliza asubuhi jikoni vile vile ila safari hii bila hata sababu.

Kuna ile ya kwenda kimya na kugoma bila kusema, uone watafanya nini. Naielewa, ina utamu wake. Ila mgomo wa kimya unasikika na aliyegoma tu. Wenzako watadhani unaumwa, watakuletea maji ya tangawizi, tena mabaya.

Na kuna kutokwenda. Inawezekana unachokihitaji mwaka huu ni milima bila marafiki. Njia ile ya Soni kwenda Lushoto zipo hosteli za masista, chumba kidogo, meza, chakula unapikiwa kengele ikilia, hakuna wa kumuoshea kikombe. Ungekaa siku tatu uone kama ukurasa unakuja mikono ikiwa haina unga. Kama ukija, utakuwa umejua jambo. Kama usipokuja, utakuwa umejua jambo pia, gumu zaidi, na utakuwa nalo peke yako bila moto wa usiku na bila yule anayepiga goti. Hapo uwe mwangalifu. Wewe mwenyewe umesema unawapenda, na watu wa kumsomea ulichoandika jana hawaokotwi.

Mume wangu, hapana, mume wako. (Nimeandika mume wangu, nimeacha hivyo, ana maneno kama hayo hayo.) "Si upike hapa hapa nyumbani." Wewe umeisikia kama mlango unafungwa. Inaweza kuwa ni mwanaume anayetaka chapati zake. Inaweza pia kuwa ni mtu aliyekuona mwaka wa kwanza unashuka kwenye basi unang'aa na daftari limejaa, na miaka ya karibuni anaona unashuka na mgongo unauma, akakosa namna nzuri ya kusema. Wanaume wengi huruma yao inatoka imevaa nguo za kejeli. Muulize alikuwa anamaanisha nini, siku mkiwa hamjachoka. Akisema alimaanisha kupika, basi umejua.

Siku tisa hujajibu. Usijione mkosaji kwa hilo. Watu watatu wanaoishi kwa maneno wameona tiki za bluu siku tisa na hakuna aliyekupigia kukuuliza vipi mbona kimya? Kama yupo aliyepiga na hukuniandikia, hebu mrudie yeye kwanza. Kama hakuna, na hilo ni jibu la namna yake, ingawa unajua mwenyewe jinsi watu walivyo na mambo yao Dar, mtu anakaa wiki hajampigia hata mama mzazi.

Niandikie baada ya Nane Nane, umeenda au hujaenda, nijue. Na nina swali ambalo si la ushauri, ni la msomaji tu, maana umeniacha pale kwenye nyaya na mzigo wa singa. Nani alimwita mama? Kama hujui, kuna wazee waliobaki pale kambini waliofanya naye kazi korona? Basi la Lushoto linapita Korogwe hapo hapo, hata ukishuka asubuhi ukapanda la jioni.